Nimefuta kila kitasa na klorini, mbona korona imetuingia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu alirudi safarini akaanza kukohoa, akapimwa, akakutwa na korona. Siku hiyohiyo nilimhamishia chumba cha peke yake, vyombo vyake nikatenga, nikawa nafuta vitasa, swichi na meza kwa maji ya klorini asubuhi na jioni. Hata hivyo, ndani ya siku nne watoto wetu wawili wameugua. Mimi nina mafua na mwili unauma, lakini kipimo cha haraka kimeonyesha sina. Mama mkwe, mwenye miaka 74 na kisukari, tunaishi naye na bado ni mzima. Nimekosea wapi, na nifanyeje yeye asipate?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Hukuzembea. Ila nguvu zako nyingi zimekwenda kwenye vitu, wakati kirusi hiki husafiri zaidi kwa hewa.

Mgonjwa anapopumua, anapoongea na hasa anapokohoa, hutoa matone ya kila ukubwa. Makubwa huanguka karibu naye. Yale madogo mno, yasiyoonekana kwa macho, huelea kama moshi wa sigara: chumba kikiwa kimefungwa yanazidi kujaa, na huweza kubaki hewani hata baada ya mwenyewe kutoka. Ndiyo maana umbali wa mita moja au mbili husaidia lakini hautoshi kama mko ndani na madirisha yamefungwa.

Tukio moja lilitufundisha sana sisi wa fani hii. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walikutana kufanya mazoezi ya kwaya kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Baadaye waliougua, pamoja na huyo, walihesabiwa 53, na wawili walifariki. Watu wote wale hawakuambukizwa kwa kushika kitasa kimoja. Waliimba pamoja ndani ya ukumbi mmoja, wakivuta hewa ileile.

Vitasa navyo? Kwenye maabara, kirusi hiki kimepatikana kikiwa hai kwenye plastiki na chuma hata siku ya tatu, na habari hiyo iliwatisha watu wengi. Lakini katika maisha ya kawaida lazima kishikwe na mkono, kivumilie hapo, kisha kifikishwe puani, mdomoni au machoni kikiwa cha kutosha kuambukiza. Hutokea, ila ni nadra ukilinganisha na hewa. Kunawa kwa sabuni kwa sekunde 20 kunaikata njia hiyo vizuri, kwa sababu kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta na sabuni huuvunja. Endelea na usafi wa kawaida. Na tafadhali, klorini usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Hutoa gesi ya sumu.

Kuna pia suala la muda. Mwenye korona huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Inawezekana watoto walishaambukizwa wakati baba yao anasimulia safari, kabla hajakohoa hata mara moja. Aina ya Omikroni mara nyingi huonyesha dalili kama siku tatu baada ya kuambukizwa, kwa hiyo siku nne ulizozitaja zinaendana kabisa. Usijilaumu kwa hilo.

Sasa kipimo chako, na hapa nakuomba unisikilize kuliko sehemu nyingine zote. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kirusi puani, na siku za mwanzo huwa bado ni kidogo. Una dalili na unaishi na wagonjwa watatu: jihesabu kuwa unayo. Rudia kipimo baada ya saa 48. Kwa sasa usiwe wewe unayempelekea mama mkwe chakula au kumpima sukari. Kama kuna ndugu asiye mgonjwa, amshughulikie yeye. Ikishindikana kabisa, ingia kwake umevaa barakoa, madirisha yakiwa wazi, ukae muda mfupi.

Mpe mama chumba chenye hewa nzuri kuliko vyote. Madirisha mawili yaliyoelekeana yakifunguliwa pamoja, hewa hubadilika haraka. Chumba cha mgonjwa mlango ufungwe, dirisha liwe wazi, na feni ikiwepo iwekwe dirishani ikisukuma hewa nje. Feni inayompuliza mgonjwa kuelekea sebuleni inawagawia wote. Mle kila mtu kwake, maana kula ni kuvua barakoa. Kama bafu ni moja, mama aingie kwanza, wagonjwa baadaye, na dirisha lisifungwe.

Barakoa ya N95 inayobana vizuri puani na mashavuni ni bora kuliko ya kitambaa, na ya kitambaa ni bora kuliko kukosa. Mgonjwa avae, na wazima pia wavae.

Hujauliza mtalegeza lini, lakini najua swali linakuja. Wengi wenye ugonjwa mwepesi huwa hawaambukizi tena siku 10 zikipita tangu dalili zianze. Kwa sababu ya mama, msipunguze hizo siku 10, na homa iwe imekwisha bila dawa kwa saa 24 au zaidi. Msisubiri kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kionyeshe hakuna kitu; huweza kunasa mabaki ya virusi vilivyokufa kwa wiki kadhaa.

Mama mwenyewe mpigieni daktari wake leo, akiwa bado mzima. Mwelezeni dawa zote anazotumia na chanjo alizopata. Chanjo haizuii kila maambukizi, lakini hupunguza sana uwezekano wa kulazwa na kufa, na kwa umri wake dozi ya kuongeza ni jambo la kuulizia. Zipo dawa za kupambana na virusi kwa watu walio hatarini kama yeye, na nyingine lazima zianzwe ndani ya siku tano tangu dalili ya kwanza. Antibayotiki haziui kirusi.

Wazee wengine hawapati homa; huanza kwa kuishiwa nguvu, kukosa hamu ya kula au kuchanganyikiwa. Sukari inayopanda ghafla nayo ni ishara. Mpimeni mkiona lolote kati ya hayo. Akihema kwa shida, akiumwa kifua, midomo ikibadilika rangi, au kifaa cha kidoleni kikionyesha oksijeni chini ya asilimia 94, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.