Maswali na majibu: fonti, pointi na kile kidole cha ng'ombe

Maswali ya safari hii yote yanahusu herufi: zinapimwaje, zimetoka wapi, na kwa nini zinaharibu kazi dakika ya mwisho.

Tumeagizwa kuandika ripoti kwa "fonti 12". Kwa Verdana inajaa kurasa kumi na tatu, kwa Times New Roman kumi tu. Si zote ni 12? (Mwanafunzi, Dodoma)

Zote ni 12, ila hiyo 12 haipimi herufi yenyewe. Inapima kijiti cha madini kilichokuwa kinaibeba. Tangu Johannes Gutenberg alipoanza kuchapa kwa herufi za kumimina kule Mainz, Ujerumani, katikati ya karne ya 15, kila herufi ilikuwa nundu iliyokaa kichwani mwa kijiti cha risasi iliyochanganywa na madini mengine. Vijiti vyote vya saizi moja vilipaswa kulingana, la sivyo mistari ingeyumba. Namba ikapewa kijiti. Herufi ingeweza kukijaza, au kuacha nafasi juu na chini.

Risasi imeondoka, kipimo kimebaki. Kwenye kompyuta pointi 1 ni sehemu ya 72 ya inchi, yaani milimita 0.353, kwa hiyo pointi 12 ni milimita 4.2. Sasa tazama herufi fupi kama a, n na z. Kwenye Times New Roman ya 12 zina kimo cha milimita 1.9 hivi, kwenye Verdana ya 12 zinafika 2.3. Tena Verdana ni pana: Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft, ikatoka mwaka 1996, ili isomeke kwenye skrini za wakati ule zilizokuwa na nukta chache. Kwa kimo cha herufi fupi, Verdana ya 10 ni sawa na Times ya 12. Ukipewa namba bila jina la fonti, rudi uulize jina.

Na kwa nini kila ofisi inataka Times New Roman?

Mazoea, na mazoea yenyewe yana tarehe. Gazeti la The Times la London lilianza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Stanley Morison alisimamia kazi, Victor Lardent akaichora. Ilitakiwa herufi nyembamba kidogo, ili maneno mengi yaingie kwenye safu finyu ya gazeti bila kusongamana. Gazeti lenyewe liliiacha mwaka 1972. Kwetu imeingia zaidi kupitia Windows 3.1 ya mwaka 1992, kisha ikawa ndiyo fonti ya kuanzia ya Word mpaka toleo la 2007.

Shida yake iko hapo hapo. Ilichorwa kwa safu finyu, sisi tunaitandaza kwenye A4. Ukiacha pambizo za sentimita 2.5 kila upande, mstari unabaki na sentimita 16, na Times ya 12 inaingiza humo herufi 90 hivi. Jicho linastarehe kwenye herufi 60 hadi 75; zikizidi hapo, msomaji anapomaliza mstari hupotea akitafuta mwanzo wa unaofuata. Ndiyo maana nafasi ya 1.5 kati ya mistari inasaidia sana. Kama mwongozo wa chuo unaruhusu, ongeza na pambizo.

Naandaa CV nyumbani imekaa vizuri, nikifika steshenari jedwali limeruka ukurasa wa pili. Wanasema flashi yangu ina kirusi. (Nairobi)

Mara nyingi kirusi hakihusiki. Kompyuta ya dukani haina fonti uliyotumia. Tangu mwaka 2023 Microsoft imefanya Aptos kuwa fonti ya kuanzia ya Word mahali pa Calibri. Laptopu yenye Word mpya inaandika kwa Aptos bila hata kukuuliza, lakini duka lenye Office ya 2010 au 2016 huenda halinayo. Programu inaweka nyingine kimyakimya. Kinachowapoteza watu ni kwamba kile kisanduku cha jina la fonti bado kitaonyesha "Aptos", wakati macho yanaona kitu kingine. Upana wa herufi ukibadilika kidogo tu, neno moja linashuka mstari, mstari unashusha aya, aya inasukuma jedwali.

Dawa ya kwanza ni kupeleka PDF. Kwenye Word fungua Faili, kisha Hifadhi Kama, chagua PDF. Ukiifungua kwa Acrobat Reader, ingia Faili, halafu Sifa, halafu sehemu ya Fonti: kila jina linapaswa kuwa na maelezo kuwa fonti imepachikwa, yaani imo ndani ya faili lenyewe. Isiyopachikwa ndiyo itakayokuponza.

Kama lazima upeleke faili la Word lenyewe, kwa sababu watarekebisha hapo hapo, ingia Faili, Chaguo, Hifadhi, uweke tiki kwenye kupachika fonti ndani ya faili. Faili litakuwa zito kidogo. Na kama duka linatumia LibreOffice badala ya Word, uliza kama kuna fonti za Carlito na Liberation. Carlito ina upana ule ule wa Calibri, herufi kwa herufi. Liberation Serif inalingana hivyo na Times New Roman, na Liberation Sans na Arial. Sura zinatofautiana kidogo ila mistari haihami.

Kagua pia saizi ya karatasi. Violezo vingi vya CV vya mtandaoni vimetengenezwa kwa karatasi ya Kimarekani yenye urefu wa milimita 279, wakati A4 ina 297. Tofauti ya milimita 18 ni mistari mitatu hadi minne, inatosha kabisa kutupa sahihi yako ukurasa wa peke yake.

Neno ng'ombe linatokea "ngâ€™ombe" kwenye orodha yetu ya wanachama, na meseji za kikundi zimepanda gharama. Yanahusiana? (Chama cha wafugaji)

Yanahusiana sana, na tunashukuru kwa swali hili, maana Kiswahili kinaumia hapa kila siku.

Kile kidole cha ng' kina sura mbili kwenye kompyuta. Kuna kilichonyooka ('), namba U+0027, na kilichopinda (’), namba U+2019. Word inabadilisha kilichonyooka kuwa kilichopinda yenyewe unapoandika; simu nyingi hazibadilishi. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, kwa hiyo ukinakili majina kutoka Word kwenda Excel, "Ng'ambo" ya orodha moja haitalingana na "Ng’ambo" ya nyingine, na fomula ya kutafuta itakwambia jina halipo.

Ile takataka ya â€™ hutokea faili lililohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi, linapofunguliwa kama la mfumo wa zamani wa Windows: kidole kilichopinda kimehifadhiwa kwa baiti tatu, nazo zinasomwa kama alama tatu. Unapoingiza faili la CSV kwenye Excel usilibofye tu. Pitia sehemu ya Data, chagua kuleta kutoka faili la maandishi, na kwenye asili ya faili chagua 65001, yaani UTF-8.

Sasa meseji. Alfabeti ya kawaida ya SMS inabeba herufi 160, na kidole kilichonyooka kimo ndani yake. Kilichopinda hakimo. Kikiingia kimoja tu, meseji nzima inahamia mfumo mwingine ambao SMS moja inabeba herufi 70, na ikigawanywa kila kipande kinabeba 67. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu, na mnalipia tatu kwa kila mwanachama. Kabla ya kutuma, bandikeni maandishi kwenye Notepad, tafuteni ’ na kuweka ' kote.

Kwenye kitabu au bango mambo yanageuka: hapo kilichopinda ndicho kinachopendeza. Washairi waangalie jambo moja. Ukiandika 'mefika kwa kudondosha silabi ya kwanza, Word inadhani unafungua nukuu na kukigeuza kidole kielekee kinyume. Kibonyeze mara mbili, kisha ufute kile cha kwanza. Na tafadhali, ile alama ya ` iliyo pembeni ya namba 1 si kidole cha ng'.

Mzee wangu alikuwa mpanga herufi matbaani. Anasema wakichapa Kiswahili, z na k zilikuwa zinawaishia. Inawezekana? (Tanga)

Inawezekana kabisa. Herufi za risasi ziliuzwa kwa seti, na idadi ya kila herufi ilipangwa kwa lugha ya mwenye kiwanda. Alfred Vail, mshirika wa Samuel Morse katika kutengeneza simu ya maandishi, alihesabu herufi zilizokuwa kwenye matbaa moja ya gazeti huko New Jersey, Marekani, karne ya 19. Hesabu inayotajwa ni e 12,000, a 8,000, k 800, z 200. Yaani z moja kwa kila e sitini.

Sasa panga kwa seti ya namna hiyo sentensi hii: "Kazi nzuri huanza na wazo zuri." Ina z tano, a tano, na e haimo hata moja. Ukurasa mmoja tu wa maneno kama wazee, mwezi, wameziuza na kuzaliwa unamaliza kisanduku cha z wakati kisanduku cha e kimejaa pomoni, na q na x hazijaguswa. Mwenye matbaa alilazimika kuagiza herufi za ziada peke yake kutoka kiwandani, au kuchapa kurasa chache, kuzivunja, kurudisha herufi visandukuni na kuanza upya. Herufi ikikosekana wakati wa kupanga, fundi alichomeka nyingine kichwa chini ili alama nyeusi imkumbushe kwamba pale pana pengo. Ikisahaulika, ilichapwa hivyo hivyo.

Hata mashine za kupanga herufi za Linotype zilizoanza kazi New York mwaka 1886 zilikuwa na Kiingereza mwilini. Safu ya kwanza ya vitufe ni e, t, a, o, i, n. Z iko kwenye safu ya mwisho ya herufi ndogo. Msalimie mzee, na kama anakumbuka walivyokuwa wakizigawa herufi visandukuni, andika chini anachosema.

Kwa nini maneno ya kanga huwa herufi kubwa tupu?

Kanga za mwanzo zilizoandikwa maneno zilitumia hati ya Kiarabu, ambayo haina herufi kubwa wala ndogo. Zilipohamia hati ya Kilatini zikashika herufi kubwa nene zisizo na vimkia kwenye ncha, na sababu unaziona kitambaani. Pamba inanyonya rangi na rangi inatambaa. Tundu dogo la e au a ndogo linaziba. Tundu la A kubwa linabaki wazi. Pia herufi kubwa zote zina kimo kimoja, hakuna mkia wa g au j unaoteremka kwenye pindo, kwa hiyo jina linakaa kwenye mstatili wake kama limepimwa. Na ni maneno machache. Aya nzima ya herufi kubwa inachosha, ila maneno manne mpaka sita, yasomwe na jirani aliye ng'ambo ya uchochoro, yanafaa kabisa.

Fonti gani kwa vitabu vya darasa la kwanza? (Mwalimu, Kilosa)

Andika. Ndilo jina lake, limetoka kwenye Kiswahili, na shirika la SIL liliitengeneza mahususi kwa wanaojifunza kusoma. Ni ya bure. Mtoto anafundishwa kuandika a ya duara na kijiti na g yenye mkia mmoja. Fonti nyingi za vitabu zinamwonyesha a yenye kofia, na baadhi zina g ya ghorofa mbili. Andika inampa ile anayoichora, na inatenganisha wazi l ndogo, I kubwa na 1. Sisi tungeweka pointi 22 hivi, nafasi ya 1.5, maneno matano au sita kwa mstari, bila kukata neno mwishoni. Ukiwa na Comic Sans peke yake itumie bila aibu: Vincent Connare aliichora mwaka 1994, na a yake ni ile ile ya mtoto.

Tuna mgogoro wa shamba. Hati ya mauziano imeandikwa mwaka 1998 lakini maandishi yake yanaonekana ya kisasa. Fonti inaweza kuwa ushahidi?

Inaweza kuwa dalili nzito. Mwaka 2017 nchini Pakistan, wachunguzi wa mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif walikuta hati zenye tarehe ya Februari 2006 zimeandikwa kwa Calibri, fonti ya Lucas de Groot iliyotoka kwa umma mwishoni mwa Januari 2007. Utetezi ulisema matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla, jambo ambalo ni kweli. Sharif aliondolewa madarakani kwa hoja nyingine, na binti yake Maryam, aliyehukumiwa mwaka 2018, alifutiwa hukumu na Mahakama Kuu ya Islamabad mwaka 2022. Kwa hiyo fonti haikumaliza kesi, ila ililazimisha kila upande kujibu.

Kwa hati yenu, tafuteni ya asili, si picha ya simu. Tazameni kwa lenzi: Calibri ina ncha za mviringo, kama zimepigwa msasa. Times New Roman au Arial mwaka 1998 haina neno, zilikuwa kwenye kompyuta tangu 1992. Calibri au Aptos kwenye hati ya 1998 inahitaji maelezo, na maelezo ya uaminifu yapo: huenda ni nakala iliyochapwa upya baada ya ile ya kwanza kuchakaa. Basi ulizeni ya kwanza iko wapi, nani aliichapa upya, na sahihi ni za siku gani. Fonti inakwambia tu hati haikuchapwa kabla ya mwaka fulani. Ilichapwa mwaka gani hasa, haisemi. Mpelekeeni wakili hati ya asili ndani ya bahasha, bila kuikunja upya wala kuipaka laminesheni.