Kwa msimamizi mpya wa utafiti wa data za tiba wenye vituo vingi

Mradi unaounganisha hospitali na vyuo kadhaa huanza kuharibika kabla faili la kwanza halijatumwa, pale kila kituo kinapodhani wenzake wanaelewa "sukari ya damu" kama kinavyoielewa chenyewe. Maabara moja huandika miligramu kwa desilita, nyingine milimoli kwa lita. 126 ya huku ndiyo 7.0 ya kule. Ukizichanganya bila kuzigeuza, kompyuta haitalalamika. Itakupa wastani, na wastani huo utakuwa mbovu.

Usitegemee macho kuligundua kosa hilo. Kwa kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, kizidishi cha kutoka miligramu kwa desilita hadi mikromoli kwa lita ni 88.4, kwa hiyo namba zisizolingana hujitokeza zenyewe. Kwa sukari namba hutofautiana mara 18 tu. Mgonjwa mwenye 25 anaweza kuwa na sukari ya juu mno kwa kizio kimoja, au ya chini mno kwa kingine, na wagonjwa wa aina zote mbili hulazwa kweli. Ndiyo maana kizio kiwe na safu yake kwenye jedwali, wala kisiachwe kwenye kumbukumbu ya mtu.

Basi kazi yako ya kwanza ni kamusi ya data. Kila kipengele kipewe jina, maana, kizio, thamani zinazokubalika na wakati wa kipimo: ni cha siku ya kulazwa, au cha mwisho kabla ya kuruhusiwa? Tarehe ziandikwe 2024-04-03, maana 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Namba ya mgonjwa ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo 00417 itageuka 417. Pengo nalo lina maana zake: "hakupimwa", "alipimwa lakini jibu limepotea" na "haimhusu" ni mambo matatu tofauti. Usiruhusu 99 au 999 isimame badala ya pengo. Umri wa miaka 99 upo.

Wanaoshughulika na jeni waangalie Excel kwa makini. Ilikuwa ikigeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT2 kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza kuyabadilisha kuwa MARCHF1 na SEPTIN2. Mafaili ya zamani bado yana majina yale.

Kamusi ikishakubaliwa, usiombe data yote. Omba rekodi 50 kutoka kila kituo, uzipitishe kwenye uchambuzi mzima hadi jedwali la mwisho. Hapo ndipo utakapojua nani hakuisoma kamusi.

Vibali vianze siku ileile unayoanza kamusi, kwa kuwa kamati za maadili na wanasheria wa kila taasisi huchukua miezi. Soma fomu ya ridhaa neno kwa neno. Ikiwa mgonjwa aliahidiwa kwamba taarifa zake hazitatoka hospitalini, hakuna mkataba kati ya taasisi unaoifuta ahadi hiyo. Kilichobaki ni kupeleka programu ya uchambuzi kwenye data: kila kituo kinaiendesha kwake na kurudisha jumla tu, na makundi yenye watu wachache yakifichwa. Njia hii hudai vituo vyote vipange data kwa muundo mmoja, kama ule wa OMOP, muundo wa pamoja wa kupanga data za afya, na kuhamishia huko ni kazi ngumu. Itengee watu na muda.

Uandishi wa makala uamuliwe mwanzoni. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina vigezo vinne, na mwandishi hutakiwa kuvitimiza vyote. Kutoa data peke yake hakutoshi. Waambieni vituo mapema, na muwape nafasi ya kushiriki kwenye rasimu.

Data ifungwe kwa tarehe, ipewe namba ya toleo na alama ya uhakiki kama SHA-256 (mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likiguswa), na kila jedwali litaje toleo lililotumika. Weka pia daftari la maamuzi. Mhakiki atakapouliza mbona wagonjwa wa kusafishwa figo waliondolewa, jibu likutwe humo, pamoja na tarehe, sababu na jina la aliyeamua.