Kabla Pasaka haijafika, tafuta hamira iliko

Mi ni mpika maandazi, naamka saa kumi alfajiri nakanda unga, natia hamira, nafunika na kitambaa nauacha uumuke huku naomba. Kwa hiyo nikisoma habari za chachu kwenye Biblia wala sihitaji mtu anifafanulie. Kijiko kimoja tu cha hamira ukishakikanda kwenye kilo mbili za unga hukitoi tena, hata ujute vipi, kimeshaingia kote.

Enzi zile hamira ya paketi haikuwepo, watu walikuwa wanabakiza kipande cha donge la jana wanakichanganya kwenye unga wa leo, na kesho hivyo hivyo, ndo maana Paulo kwenye 1 Wakorintho 5 anasema tuitoe "chachu ya kale", yani dhambi. Ni ya jana inayoendelea kuumua leo. Na kwenye Kutoka 12 Waisraeli waliambiwa waiondoe kabisa majumbani na wale mkate usiotiwa chachu siku 7, na mwanakondoo anachaguliwa siku ya 10 ya mwezi lakini anachinjwa siku ya 14 jioni, yani siku nne nzima yuko nao hapo nyumbani wanamtunza. Pasaka haikuwa jambo la kukurupukia. Mpaka leo Wayahudi wengi usiku kabla ya sikukuu wanazima taa wanapita na mshumaa chumba kwa chumba wanatafuta makombo, wengine wanayazoa na unyoya na kijiko cha mbao. Mshumaa! Kwenye kona, chini ya kabati, sehemu ambayo mgeni hawezi kuiona.

Sisi wengi tunafika Alhamisi Kuu tumechoka na pilika za wiki, tunapiga magoti tunasema Bwana nisamehe dhambi zangu zote nilizozitenda kwa kujua na kwa kutokujua, tunainuka tunaenda Mezani, kula Chakula cha Bwana. Mi nimeomba hivyo miaka mingi. Nakwambia ukweli ndugu yangu, lile neno "zote" nililitumia kufunika moja.

Iko hivi. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, akina mama wa mtaani, na wale wasioweza kufika kikaoni walikuwa wananitumia hisa zao kwenye simu. Kuna dada mmoja alinitumia Sh 40,000. Siku hiyohiyo mwanangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa shule na mi sina kitu, nikasema natumia hii nitarudisha Ijumaa. Ijumaa ikafika sina. Kikao kikakaa, nikaulizwa hela ya fulani iko wapi, nikasema haijaingia. Neno moja tu. Yule dada meseji alishaifuta, akasema basi labda mtandao umeimeza, akalipa upya na faini ya Sh 2,000 juu. Na mi ndo niliyeiandika hiyo faini kwenye daftari, kwa mkono wangu.

Baada ya hapo nilikula Chakula cha Bwana Pasaka mbili. Kwaresima zote mbili nilifunga nyama, nikafunga soda, ibada za jioni sikosi, na nikiwaona wengine wanakula nyama nawahukumu moyoni. Sisemi kufunga ni kubaya, kufunga ni kuzuri mno, ila mi nilikuwa nautumia mfungo kama kile kitambaa changu cha kufunikia unga, na chini yake kitu kinaumuka tu.

Kilichonivunja ni Mathayo 26. Yesu anawaambia mezani mmoja wenu atanisaliti, na hakuna hata mmoja aliyemnyooshea mwenzake kidole, wote wanauliza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" Halafu Yuda naye anauliza, ila yeye anasema "Ni mimi, Rabi?" Rabi, mwalimu. Wenzake wamesema Bwana. Usiku ule nilikaa kitandani nikajiuliza mi namwita nani, kwa sababu kama ni Bwana wangu basi na lile daftari ni lake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, hizi wiki zilizobaki usijichunguze kwa jumla. Omba Zaburi ya 139 pale mwishoni, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu", halafu nyamaza, usijaze maneno, kitu cha kwanza kitakachokujia na ukataka kukikwepa ndo hicho. Kiandike. Andika jina la mtu na andika kiasi kama ni hela. Mi nilipoandika elfu 42 na jina la yule dada nilitetemeka kuliko siku zote nilizolia kwenye mkesha.

Ukishaandika nenda mapema, usisubiri Ijumaa Kuu. Yesu mwenyewe kasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, nenda kwanza. Usitume meseji, na tafadhali usiseme "kama nimekukosea" maana unajua umemkosea. Kama deni ni kubwa peleka ulicho nacho na taja kilichobaki utaleta lini. Kama jambo lenyewe ni zito, la ndoa au linaweza kuleta hatari, muone kwanza mchungaji au padri wako, usibebe peke yako. Na usiikimbie Meza kwa woga, wapo wanaokaa miaka hawashiriki wakidhani ndo unyenyekevu, wakati Paulo amesema mtu ajihoji mwenyewe "na hivyo aule mkate". Kujihoji ni njia ya kwenda Mezani.

Mi nilienda Jumanne ya Juma Takatifu. Nilimkuta anafua uani, nikamwambia dada nina jambo, nikalisema lote mpaka kwenye faini, nikampa Sh 50,000 nikamwambia nyingine ni ya usumbufu. Alijifuta mapovu, akaihesabu, akachukua 42,000 akanirudishia 8,000. Akasema, "Ile wiki wanangu walikunywa uji mchana na usiku." Hakusema amenisamehe. Nilitamani aseme, ila sikumwomba aseme, maana hicho ni chake kukitoa muda anaotaka. Kikaoni pia nilisimama nikasema mbele ya wote nikakabidhi daftari, na nilistahili kunyang'anywa.

Alhamisi Kuu nilikula mkate ule nikiwa sina cha kumficha Mungu kwenye jambo lile, na sijui niieleze vipi hiyo hali, mwili ulikuwa mwepesi kama nimetua ndoo ya maji kichwani.

Yule dada alikuwa mteja wangu wa kila asubuhi, akaacha kuja. Pasaka ikapita, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, napika na macho yako njiani. Halafu asubuhi moja nikamuona mwanae mdogo anakuja na kabakuli kana mfuniko, kashika noti mkononi, akasema shikamoo, mama kasema umpimie ya elfu moja, na yawe ya moto.