Kabla ya ukurasa, uzi: kwa anayetaka kuuza shanga mtandaoni

Wengi wanaoniandikia wakitaka kuanza kuuza hereni na bangili mtandaoni huuliza kwanza habari za ukurasa. Nifungue Instagram au WhatsApp inatosha? Wafuasi nitawapata wapi? Nilipie tangazo? Mimi huwauliza wanatungia uzi gani. Mteja wa dukani huishika bangili, akaivuta kidogo, akaijaribu mkononi, akageuza kuangalia kifungo, ndipo anatoa hela. Wa mtandaoni analipa hajagusa kitu. Yote ambayo mkono wake ungeyakagua, wewe uwe umeshayakagua kwa niaba yake.

Basi tuanze na huo uzi. Mshipi wa kuvulia samaki unapatikana kila mahali kwa bei ndogo, na wanaoanza wanaukimbilia. Kwa kazi ya kuuza siushauri: unabaki na mikunjo ya kibiringo chake, fundo lake linateleza, na ukikaa sana juani unakakamaa mpaka unakatika. Uzi wa nailoni uliosokotwa, kama ule wa mafundi viatu, unashika fundo vizuri zaidi. Kwa bangili za kuvuta, lastiki ya milimita 0.8 inafaa shanga nyingi za kawaida, lakini ivute kwa nguvu mara kadhaa kabla hujaanza kutunga. Usipoivuta wewe itavutika mkononi mwa mteja, na baada ya muda mfupi utaona nafasi kati ya shanga na shanga. Fundo lifungwe mara mbili, litiwe tone la gundi, likauke kabisa, ndipo ulifiche ndani ya tundu la shanga.

Shanga ndogo za kioo huuzwa kwa namba, na namba inavyopanda shanga inapungua. Namba 6 ina milimita 4 hivi, namba 8 ina kama 3, namba 11 imezidi 2 kidogo. Shanga za Kicheki, ambazo akina mama wengi wa Kimasai wanazitumia, zina bei lakini zinalingana, na kazi iliyotungwa kwa shanga zinazolingana inalala vizuri shingoni. Za bei ya chini unaweza kuzitumia, ila ukubali kukaa na sinia ukichambua nene na nyembamba. Huo ni muda wako, uuhesabu.

Rangi ijaribiwe kabla hujanunua nyingi. Loweka shanga chache usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nyingine uzisugue kwa pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Zikiacha rangi kwenye pamba, jasho la Dar litaiacha kwenye gauni la mtu. Na ukipata nyekundu unayoipenda Kariakoo, nunua ya kutosha oda zote unazozitarajia, kwa sababu mzigo mwingine ukija, nyekundu hiyo huwa imebadilika kidogo. Mteja aliyeagiza seti kwa kuangalia picha ataliona hilo mara moja.

Kuhusu vyuma: hereni ikiwasha sikio, mara nyingi mkosaji ni nikeli iliyo kwenye kulabu ya bei rahisi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo kisheria cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye mapambo na kugusa ngozi, kwa hiyo ukipata mteja wa huko jambo hili si la hiari. Tumia kulabu za chuma kisichoshika kutu na uandike hivyo kwenye maelezo. Shaba ni nzuri sana. Mafundi wa Kibera, Nairobi, huyeyusha mabomba na kufuli chakavu wakatoa mapambo ninayoyastahi mno, na wanachonga pia mifupa na pembe za ng'ombe. Lakini mwambie mteja mapema kwamba shaba hufifia, hasa kwenye hewa ya bahari, na inaweza kuacha alama ya kijani kwenye ngozi. Akiambiwa kabla, anapangusa kwa limau na maisha yanaendelea. Asipoambiwa, anaona ameuziwa feki. Ng'amba (gamba la kasa) na pembe za ndovu usiziguse hata ukiletewa za bibi wa mtu. Biashara ya kimataifa ya vitu hivyo imepigwa marufuku.

Naona kurasa nyingi zikiandika "shanga asilia za Kiafrika" chini ya kioo cha Kicheki. Sioni haja. Shanga za kioo zimekuwa zikishushwa pwani yetu kwa majahazi tangu enzi za Kilwa, na yaliyofanywa kwazo hapa ni yetu. Andika kwamba kioo kimetoka Ucheki na kazi imefanyika Tabata. Na kama ni ukosi, ule mkufu mpana wa shingoni, uliotungwa na mama wa Kimasai ukaununua kwake kuuza, sema hivyo, na umlipe bei ambayo usingeona haya mteja akiijua.

Vipimo viandikwe kwa sentimita. "Ya kati" haimwambii mtu chochote. Ninamwelekeza mteja achukue uzi, auzungushe kifundo cha mkono, aupime kwenye rula, anitumie namba. Mimi naongeza sentimita moja na nusu. Shanga zikiwa nene naongeza zaidi, maana zinakula nafasi ya ndani. Hereni nazipima kwa mizani ndogo ya jikoni. Ikivuka gramu 10 kwa sikio moja naipunguza, hata kama nimeipenda, kwa sababu tundu la sikio halisahau uzito.

Picha mbili zinatosha kuondoa maswali mengi: moja hereni ikiwa sikioni, nyingine ikiwa kando ya sarafu ya shilingi 200. Piga asubuhi karibu na dirisha, juu ya kitambaa kisicho na maua. Usitumie vichujio vya rangi. Bluu ya kwenye simu ikikataa kufanana na bluu ya kwenye boksi, umeshampoteza mteja huyo na shoga zake.

Sasa bei, ambako ndiko naona wenye mikono mizuri wakikata tamaa. Chukua mkufu mmoja. Tuseme vifaa ni shilingi 3,500, boksi na kadi 1,000, na umekaa saa mbili. Saa hizo mbili zina bei. Ukijilipa 2,500 kwa saa, mkufu umeshafika 9,500 kabla ya faida, kabla ya bando, kabla ya shanga zilizopasuka na nauli ya Kariakoo. Kuuza 10,000 kwa sababu jirani anauza 10,000 ni kumfanyia kazi mteja karibu bure, na wewe ndiye utakayechoka kwanza. Mimi mkufu huo ningeuandikia 14,000. Na kama unatamani siku moja maduka ya Masaki au Mji Mkongwe yachukue kazi yako, kumbuka mwenye duka ataongeza chake juu. Bei yako ya rejareja isipoacha nafasi hiyo, mlango huo umeufunga mwenyewe.

Bei hiyo iandike hadharani, chini ya picha. "Njoo inbox" inawachosha watu, na inawafanya wahisi kila mtu anatajiwa bei kulingana na sura yake. Atakayeuliza "bei ya mwisho?" mjibu kwa heshima kwamba ni hiyo hiyo, kisha mwonyeshe kitu kingine cha 8,000. Kumpunguzia huyu ni kumkosea yule aliyelipa kamili jana. Kuhusu malipo, mweleze mapema kama anatuma na ya kutolea au analipa kwa Lipa Namba. Hela ndogo ndogo za makato ndizo zinazoleta mabishano makubwa.

Mjini bodaboda anatosha. Mikoani natuma kwa basi baada ya kulipwa, napiga picha risiti ya mzigo na kumtumia mteja pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka. Boksi liwe gumu; bahasha laini ikilaliwa na gunia la viazi, shanga za kioo hazitapona.

Hata ukiuza mtandaoni tu, tafuta nafasi ya kuweka kazi yako mbele za watu wanaoweza kuishika: Sabasaba ya kila Julai, gulio la mwisho wa wiki, hata meza kwenye kitchen party ya rafiki. Usiongee sana. Tazama mkono unaenda wapi kwanza. Wengi wanageuza nyuma ya hereni, wengine wanavuta lastiki, wengine wanapima uzito kwenye kiganja. Hayo ndiyo utakayoyapiga picha na kuyaandika ukirudi nyumbani.

Na bangili ikirudi imekatika, itengeneze bure, lakini kabla ya kukata uzi wa zamani itazame imeachia wapi. Ikiachia kwenye fundo, gundi haikukauka au fundo lilikuwa moja. Ikikatika katikati, pitisha sindano kwenye matundu ya shanga za jirani. Kuna moja yenye ukingo mkali. Ikikatika karibu na chuma, chuma kinasugua, na hapo weka shanga laini kati yake na uzi. Andika kwenye daftari, halafu mpigie aliyenunua ya muundo huo huo wiki ile ile, umwombe airudishe kabla haijamkatikia.