Barua Zenu: Mkono Kwanza, Simu Baadaye

Mwezi huu barua nyingi zilotufikia zinauliza jambo moja kwa njia tafauti, mtu anataka kutengeneza kitu chake mwenyewe lakini simu imemkalia kichwani. Nimechukua tatu, ya kwanza ntaijibu kwa urefu maana imenigusa sana.

*

*Asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa kuchonga mbao, bado kijana, niko Langoni hapa Lamu, kazi nlifunzwa na mjomba wangu. Siku hizi mteja anakuja na picha kwenye simu, kaitoa Pinterest ama katengenezewa na hizi AI, anataka vile vile ilivyo. Na mimi pia nikikaa nichore ua la kwangu mkono hautaki, nafungua simu nione ya wengine kidogo, nikija kushtuka adhuhuri inaadhiniwa na ubao uko vile vile. Najiona ni mashine ya kukopi tu. Je niache simu kabisa? Na wateja ndio wako huko huko.*
*Fundi, Langoni*

Waaleikum salaam mwanangu. Usiache simu. Kabla M-Pesa haijaanza 2007 na kabla waya wa intaneti wa chini ya bahari haujafika Mombasa 2009, fundi wa Lamu akitaka kumuuzia mtu wa Nairobi ilibidi apitie kwa mtu wa kati, na mtu wa kati akibaki na fungu lake nono. Leo unatuma picha WhatsApp, unaletewa amana, unanunua mbao. Hio neema usiitupe.

Shida yako naiona kwenye mpangilio, yani nini kinatangulia. Unafungua simu kabla ya kushika penseli, na ukishaifungua umeona maua mia yalokwisha tayari, yamesafishwa, yamepigwa picha kwenye mwanga mzuri, hakuna hata moja linalokuonyesha fundi alikwama wapi, patasi iliteleza wapi kwa sababu nyuzi za mbao ziligeuka. Sasa mkono wako uanzie wapi? Jicho limeshiba na mkono haujaonja kitu. Na usijilaumu kwamba huna nguvu ya kuiweka chini, manake imetengenezwa isiwekwe chini. Zamani ukifika mwisho wa ukurasa ilibidi ubonyeze ndio uende mbele, hapo ndipo mtu alikuwa akikumbuka ana kazi. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, akabuni ukurasa usokwisha, unasukuma kwa kidole na vitu vinazidi kuja tu, na baadaye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia. Kama alobuni anajuta, wewe ulokaa nayo mkononi asubuhi nzima utaiweza kwa nia peke yake? Huiwezi. Iweke mbali kwa miguu. Iache kwa mama ama kwa jirani mpaka adhuhuri, mteja wa kweli atangoja.

Halafu fanya hivi. Toka asubuhi jua halijakali, nenda mtaa wa Mkomani na daftari na penseli, simama mbele ya mlango mmoja. Mmoja tu, usizunguke mji mzima. Tizama fremu, ule mnyororo ulochongwa kuizunguka, ufuate kwa kidole pete kwa pete mpaka ufike kwenye pembe, hapo sasa simama. Mnyororo unapanda wima na lazima ugeuke ulale, na pete hazikubali kugeuka kirahisi. Tizama yule fundi alifanya nini. Utaona mwengine kaikata pete katikati akaifichia kwenye kona, mwengine kaweka ua pale likameza pande zote mbili, mwengine alianza kuzipunguza pete mapema, kidogo kidogo, ili ya mwisho ikae sawa, na ukipima kwa kidole utajua alianza kulifikiria hilo tangu chini karibu na kizingiti. Hapo kwenye pembe ndipo utamuona mtu anafikiri. Hakuwa na picha ya mtu mwengine mbele yake siku ile, alikuwa na ubao unaokaribia kwisha na mnyororo unaotaka kugeuka. Halafu nenda kwenye mfaa, ule ubao wa wima pale katikati, halafu juu ya mlango. Usipige picha. Tizama mpaka ushibe, kisha rudi nyumbani uchore ile pembe kwa kichwa.

Utaikosea. Na hapo ndio nakuomba usifute, manake pale ulipokosa kukumbuka, mkono wako umejaza kwa akili yake wenyewe, na hicho kidogo ulichokijaza ndicho cha kwako. Kesho yake rudi ufananishe ukitaka. Ukipata boti ya kwenda Siyu, kisiwani Pate, tizama na milango ya kule, haifanani na hii yetu, na ukiingia nyumba ya kale tizama zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ile chokaa ilochongwa ina maua ambayo mbao haina. Mji mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, watu wanapanda ndege kuja kuuona, na wewe unaupita kila siku ukienda kununua mkate ukiwa umeinamia skrini unatafuta dizaini. Hilo limeniuma kusema lakini nimelisema kwa mapenzi.

Kuhusu AI, ile programu imelishwa picha nyingi za kazi za watu na inakutolea kitu kinachofanana nazo. Haijui ubao wako una fundo upande wa kushoto, haijui mlango utaelekea baharini chumvi iupige. Wewe unajua. Kwa hivyo mteja akija na picha yake usimkatalie wala usimdharau, muulize ni kipi hasa kilichompendeza, ni ua, ni ule uzito, ama ni vile kuna nafasi tupu katikati? Mchoree karatasi mbili kwa mkono, moja karibu na picha yake na moja ya kwako, zipige picha umtumie. Na uchoraji utoze bei yake mbali na uchongaji, ni kazi ile. Wengine watashikilia kopi, sawa, wachongee, ni pesa ya halali na nyumbani kuna watu wanataka kula. Lakini kila wakati pawe na ubao mmoja pale karakana ambao hauna mwenyewe, hauna picha, wa kujaribia. Na mjomba wako kama yu hai, kaa naye umuulize yeye akikwama alikuwa akienda kutizama wapi, hayo hutayapata onlaini.

*

*Mimi ni mama wa Shela, wanangu ni wa miaka 8 na 11. Wakirudi madrasa ni vita vya tableti. Nikiichukua wananuna, wanasema hakuna la kufanya, wananifuata jikoni mpaka nachoka narudisha. Nifanye nini?*
*Mama wa wawili, Shela*

Dada yangu, ile "hakuna la kufanya" ndio mlango wenyewe, usiuzibe. Mtoto akikosa la kufanya kwa muda akili yake huanza kutafuta, lakini sisi wazazi tunaogopa zile kelele za mwanzo tunatoa tableti kabla hajafika mahali pa kutafuta. Wavumilie. Watanuna, watagombana, usiwapangie mchezo, wewe tupa tu vitu ukumbini: vifuu, vipande vya mbao, kamba, gundi, malapa yalokatika.

Malapa nimeyataja kwa makusudi. Hapa hapa Lamu mafundi wa majahazi, wakiongozwa na Ali Skanda, walichukua takataka za plastiki kama tani 10, wakazifanya mbao, wakazichonga na kuziunga kwa ufundi ule ule wa kuundia jahazi, na juu wakalivisha malapa yalookotwa ufuoni, kama 30,000. Jahazi hilo jina lake Flipflopi, urefu wake mita 9, lilishushwa majini 2018 na mwaka ulofuata likatweka tanga mpaka Zanzibar. Waonyeshe wanao picha zake, ndio, kwenye hio hio tableti, dakika tano, kisha uizime uwapeleke ufuoni maji yakitoka wakaokote vya kwao.

Na jambo moja kwako wewe. Wakikuletea kijahazi chao usikimbilie kupiga picha ya stetasi. Kishike, kigeuze, uliza kinaingiza maji wapi na watakiziba vipi. Mtoto akizoea kwamba kitu kinakwisha kikishapigwa picha, hatakirudia kukitengeneza vizuri, lakini ukimuuliza panapovuja, ntakuhakikishia utamkuta pale chini anakihangaikia mpaka magharibi.

*

*Naandika mashairi, naishi Malindi, nayasoma mwenyewe kwa sauti naposti TikTok. Shairi nlilolihangaikia lilipata laiki chache mno, halafu vidio ya kucheza nlofanya kwa mzaha ikapendwa na watu wengi. Nimeanza kuandika vile nadhani watapenda na sipendi ninachoandika tena.*
*Binti wa Malindi*

Mwanangu, kitufe cha laiki Facebook walikileta 2009. Watu wetu wametunga karne na karne bila hicho. Mwana Kupona alipotunga utendi wake karibu 1858 alikuwa mgonjwa, na alimuelekezea kwanza mtu mmoja, binti yake.  Zaidi ya miaka 160 imepita na bado unasomwa, na mimi naamini ni kwa sababu alijua anasema na nani, anajua binti yake anaogopa nini na atahitaji nini mama akishaondoka, ndio maana maneno yana joto.

Kwa hivyo shairi lako linalofuata mtafutie mtu mmoja. Bibi yako, rafiki alofiwa, kaka alokwenda Ghuba kutafuta kazi. Liandike ukimuona yeye tu, mtumie kwa sauti ama ukimpata karibu nenda ukae naye umsomee, umtizame uso pale unapofika beti unayoitilia shaka. Ukiona kashusha macho ama kaguna utajua mara moja kama iko sawa au bado, jambo ambalo laiki elfu hazikwambii. Urekebishe, halafu ukitaka kuposti uposti. Na zile vidio za kucheza endelea nazo kama zinakufurahisha, hazina ubaya, ila usiziache zikupangie utunge nini.