Mdogo wako wa Kigoma anataka kuigiza? Asome hii kabla hajapanda basi

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa hivi: mdogo wako wa kike kamaliza kidato cha nne hapo Kigoma, anataka kuigiza filamu na tamthilia, unauliza kama inalipa na aanzie wapi, na mama yenu amegoma kwa sababu anaona uigizaji ni uhuni. Huko juu watu wamekujibu kwa mizaha, wengine wamekuhesabia magari ya mastaa. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nimeigiza jukwaani, nikaigiza filamu zile za DVD, nikaingia kwenye tamthilia Dar, na sasa nimerudi hapa Kigoma, mwisho wa reli. Naandika nilichokiona kwa macho yangu, na ni kirefu, kwa hiyo chukua kahawa.

Nianze na hela maana ndiyo inayoulizwa na wengi. Kwa Bongo hii, filamu inampa mwigizaji wa kike jina, lakini kinachomlisha ni tamthilia. Vijana wengi wanalisaka jina kwanza wakitegemea mkate utakuja wenyewe.

Enzi za DVD mambo yalikwenda hivi. Prodyuza anakupa hela ya mkupuo, mara nyingi nusu kabla ya kushuti na nusu nyingine utaidai mpaka viatu viishe soli. Yeye anakwenda kwa msambazaji, anauza kazi na haki zake zote, mchezo umeisha. Sura yako inabaki kwenye kava. Nimeshuhudia maboksi ya DVD yakipakiwa kwenye boti pale Kibirizi, bandari yetu ya ziwani, kwenda Burundi na Kongo, na kwenye kava nipo mimi na wenzangu tumevaa miwani ya jua. Huko ng'ambo watu walikuwa wanatujua kwa majina ya wahusika. Senti ya pili kutoka kwenye kazi ile haikuja, na haikuweza kuja, kwa sababu hakuna karatasi iliyosema ije. Ndiyo maana tulikuwa tunagombania kava kuliko mkataba. Kava ndilo lililokuletea filamu inayofuata.

Watu hupenda kusema soko lilikufa na mwigizaji Steven Kanumba, Aprili 2012. Kifo chake kilituumiza, sikatai, yeye alikuwa na uwezo wa kuuza filamu kwa jina lake tu. Ila mimi naona ugonjwa ulianza kabla. Pale Mwanga, hapa hapa Kigoma, vibanda vya kujaza muvi kwenye flashi na memori kadi vilikuwa vimeshajaa, na mteja aliyezoea kujaziwa filamu kumi kwa shilingi mia chache hanunui DVD moja halali. Hakuna staa angezuia hilo.

Kilichookoa kazi ni televisheni, na hapo ni kama tumerudi tulikotoka. Ukikumbuka, baada ya ITV kuanza 1994, vikundi kama Kaole na Mambo Hayo ndivyo vilivyotengeneza waigizaji. Malipo yalikuwa ya kubahatisha, lakini mazoezi yalikuwa makali na kazi ilitoka kila wiki. Mtazame Monalisa, yaani Yvonne Cherrie. Alianzia kwenye michezo ya televisheni, akaja kuonekana kwenye filamu ya Girlfriend mwaka 2003 wakati filamu za Kibongo ndiyo kwanza zinaanza kutembea, na 2018 akatunukiwa Ghana kama mwigizaji bora wa kike. Mama yake, Natasha, naye ni mwigizaji. Yule hakuokotwa barabarani. Lulu, yaani Elizabeth Michael, naye alianza Kaole akiwa mtoto mdogo kabisa.

Kuna mlango mwingine, wa urembo. Wema Sepetu alitwaa Miss Tanzania 2006, muda si mrefu akawa kwenye filamu na Kanumba. Jokate Mwegelo, wa pili mwaka ule ule, alipita kwenye filamu na utangazaji na 2018 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Sisemi mlango huo ni mbaya. Nasema ni mwembamba, na mdogo wako asipange maisha yake kwa kuutegemea.

Siku hizi ukitaka kazi ya kuendelea unaangalia chaneli kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu. Tamthilia kama Huba au Jua Kali zimekwenda msimu baada ya msimu, na hapo mwigizaji anaweza kulipwa kwa siku au kwa episodi, akapanga kodi ya nyumba. Tena inatengenezwa tofauti kabisa na filamu za enzi zetu. Zamani ulipewa wazo tu: "Wewe ni mke mdogo, umegundua mumeo kaleta mwanamke, ongea." Unaongea! Wenye mdomo tulikula vizuri. Sasa skripti inakuja kwenye simu usiku, kesho asubuhi unatakiwa uwe nayo kichwani.

Na hapa ndipo wengi wanapochujwa, kwa hiyo nikae kidogo. Tamthilia haishutiwi kwa mfuatano. Nyumba imekodiwa, kwa hiyo sini zote (vipande vya mchezo) za sebuleni zinapigwa leo, ziwe za episodi ya pili au ya kumi na tano. Asubuhi unamlilia mumeo aliyekufa, mchana unagombana naye akiwa hai, jioni ndiyo mnachumbiana. Ukisahau ulikuwa umefikia hasira ya kiasi gani, mhariri ataunganisha vipande na mtazamaji ataona mtu amechanganyikiwa. Kontinyuiti, yaani kila kitu kifanane kipande kwa kipande, si kazi ya yule dada mwenye daftari peke yake. Nywele ulizosukia siku ya kwanza ndizo utakazokaa nazo hadi sini zile ziishe, hata kama kuna harusi ya dada yako. Namjua binti aliyebadilisha rasta wikiendi, Jumatatu akaambiwa mhusika wake "kasafiri kwenda Mwanza". Ukisikia umesafirishwa, ujue kibarua kimeota nyasi.

Halafu nguo. Mtu anayetazama nyumbani hajui kwamba sehemu kubwa ya nguo zile ni za mwigizaji mwenyewe. Ukicheza mke wa tajiri, utajiri huo unautafuta Kariakoo kwa hela yako au unaazima. Mimi nilipenda kucheza maskini kwa sababu hiyo hiyo, kitenge cha mama kilitosha.

Kuna kusubiri pia. Unaitwa saa 12 asubuhi, unaingia kwenye kamera saa 9 mchana, kwa sababu jenereta la jirani linaunguruma, au bodaboda zinapita, au staa mkubwa hajafika. Na ukiitwa unatakiwa ulie machozi ya kweli, si mate. Angalia mwigizaji Riyama Ally anavyolia, halafu fikiria kwamba huenda ni teki ya tano, sini ile ile inarudiwa. Kwa hilo namvulia kofia kuliko kwa umaarufu wa yeyote.

Sasa Kigoma. Nitasema ukweli, hakuna usaili mkubwa unaokuja huku. Ila ukanda wetu wa mwisho wa reli una kitu ambacho watoto wa Sinza, Dar, hawana, nacho ni maigizo ya kuelimisha. Mashirika na idara za afya hutumia vikundi vya sanaa kwenye kampeni za kipindupindu, UKIMWI, mimba za utotoni, mazingira. Mimi nilifunzwa huko. Unafika kijiji cha wavuvi, hakuna kipaza sauti, upepo wa ziwa unapiga, wanaume wanaanika dagaa na hawana habari na wewe, halafu uwashike kwa nusu saa. Ukiweza hapo, kamera haitakutisha. Posho ni ndogo na huchelewa, lakini hakuna darasa la bei rahisi kama hilo. Amuulize afisa utamaduni wa manispaa ni vikundi gani vimesajiliwa na viko hai. Vingine ni vya kwenye karatasi tu, aende aone mazoezi kwa macho yake.

Lafudhi ni jambo jingine atakalokutana nalo. Akifika Dar na "r" yake ya Kiha au Kiswahili chetu cha Ujiji chenye harufu ya Kongo, atapewa uhusika wa dada wa kazi. Akitaja anatoka Kigoma, atapewa uhusika wa mganga! Nilicheza mchawi hadi nikaanza kuogopwa na watoto wa pale nilipopanga. Asikatae uhusika huo, na asiione aibu sauti ya kwao, lakini awe na sauti mbili: ya nyumbani na ya taarifa ya habari. Afanye mazoezi ya kusoma gazeti kwa sauti kila siku na kujirekodi.

Sauti hiyo ya pili ina soko lake ambalo watu hawalitazami. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya mkwe na mama mkwe ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar mwaka 2013. Baadaye StarTimes, Wachina wa ving'amuzi, walifanya mashindano ya kutafuta sauti na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Azam nao wametuletea Waturuki wanaongea Kiswahili. Nyuma ya kila sauti ile kuna mtu analipwa, na hakuna anayemuuliza umbo lake wala kava. Mimi mwenyewe leo matangazo ya redio na sauti ndivyo vinavyonilipa kuliko sura yangu. Kama angekuwa mdogo wangu, ningemsukuma huko kwanza.

Shule: TaSUBa Bagamoyo ipo, ni chuo cha serikali cha sanaa tangu 1981 kilipokuwa Chuo cha Sanaa. Mkiweza ada, mpelekeni. Cheti hakitampa uhusika, lakini atatoka anajua kusoma skripti, na atakuwa na wenzake wa darasa wenye kamera. Kazi nyingi Bongo hupatikana kwa kujuana hivyo. Mwenye shida na chuo ni yule anayemaliza na kusubiri kupigiwa simu.

Mkataba. Usiku mmoja kabla ya kusaini, ausome na mtu mwingine mzima. Atazame amelipwa kwa siku, kwa episodi au kwa mkupuo, kazi itaonyeshwa wapi, na ikiuzwa tena chaneli nyingine au mtandaoni inakuwaje. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki zake kwenye uigizaji wake, lakini ukizisaini zote ziondoke kwa hela ya nauli, zimeondoka.

Nimalizie na mama. Usimwambie mama kuwa ana mawazo ya kizamani, maana anachokiogopa kipo. Kuna watu wanaita mabinti kwenye "usaili" hotelini usiku. Wapo wanaoahidi uhusika kwa masharti ya chumbani. Mtayarishaji wa kweli ana kibali cha Bodi ya Filamu, ana ofisi au lokesheni inayojulikana, anafanya usaili mchana na watu wengine wakiwepo, na hachukii binti akija na dada yake. Rushwa ya ngono ni kosa kwa kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, na TAKUKURU wana ofisi hapo Kigoma. Kwa hiyo mpeni mama kazi badala ya kubishana naye: kila mwaliko apewe jina la mtayarishaji, namba ya simu ya meneja wa kazi, mahali pa kushutia, na nani atamrudisha binti nyumbani sini za usiku zikiisha saa 8. Mama apige hiyo namba mwenyewe. Akijibiwa kwa adabu, binti aende. Simu ikikatwa au akianza kutukanwa, basi mchezo huo umpite, kuna mwingine unakuja.