Umeme umekatika katikati ya kuandika NAND ya Xbox 360: je, chipu imekufa?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nina kibanda cha gemu hapa Arua. Moja ya mashine zangu ni Xbox 360 slim iliyofungwa chipu ya RGH (inayoiwezesha kuendesha programu zisizo rasmi). Dashibodi yake ilikuwa ya zamani na gemu mbili zilikataa kufunguka, kwa hiyo kijana mmoja akasoma NAND (chipu ya kumbukumbu yenye programu za kuwashia na dashibodi) ya mashine hiyo, akanitengenezea faili la dashibodi toleo la 17559 kwa J-Runner, programu ya kompyuta ya kazi hii, nami nikaanza kuliandika kutoka kwenye flashi. Umeme ukakatika kabla halijaisha. Sasa nikiwasha, feni inazunguka, taa inawaka, lakini kwenye TV ni giza tupu. Fundi wa sokoni anasema NAND imekufa. Anataka kuingiza faili la Xbox yake nyingine, na ikishindikana ninunue ubao mzima. Sina nakala ya akiba. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Mwambie asubiri, na mashine hiyo isiandikwe chochote mpaka umalize kusoma hapa.

NAND haifi kwa sababu umeme umekatika. Chipu ya aina hii huchakaa baada ya kufutwa na kuandikwa maelfu ya mara, na yako imeandikwa mara chache tu tangu itoke kiwandani. Kilichotokea ni kwamba uandishi huenda bloku kwa bloku: bloku inafutwa kwanza, kisha inajazwa. NAND ya MB 16 ina bloku 1024, kila moja KB 16. Umeme ulipokatika, bloku moja ilibaki imefutwa au imejaa nusu, na zilizo baada yake bado zina data ya dashibodi ya zamani. Mashine inasoma mwanzo mpya na mwisho wa zamani, haielewani nayo, inasimama. Hilo ni tatizo la data, na data inaandikwa upya.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo faili la Xbox nyingine. Ndani ya NAND mna sehemu iitwayo KV, kuanzia anwani 0x4000, yaani bloku ya pili kabisa kutoka mwanzo. Humo ndimo vinamokaa vitambulisho vya mashine yako peke yake, pamoja na ufunguo unaoiunganisha na disku draivu yake. KV imefungwa kwa ufunguo wa CPU, na kila CPU ina wake. Ukiweka KV ya mashine nyingine kama ilivyo, CPU yako haitaweza kuifungua. Hata ukipata mtu wa kuifunga upya kwa ufunguo wako, draivu haitasoma tena disku halali, utabaki kucheza zilizo kwenye hadi disku tu. Wapo wanaoishi hivyo, lakini kwa nini uende huko wakati KV yako huenda iko salama? Uandishi huanzia bloku ya kwanza. Kama umeme ulikatika katikati, bloku ya pili ilikuwa imeshaandikwa zamani, tena kutokana na nakala ya mashine yako mwenyewe.

Na unasema huna nakala. Mimi nadhani unayo. Huyo kijana asingeweza kutengeneza faili bila kuisoma NAND yako na bila ufunguo wa CPU. J-Runner huhifadhi kazi kwenye folda yenye namba ya serial ya mashine, na humo huacha nakala iliyosomwa pamoja na faili dogo la maandishi lenye ufunguo. Mpigie leo, kabla hajafomati kompyuta. Omba folda nzima, si lile faili la mwisho tu.

Ukiwa unamsubiri, jaribu XeLL, programu ndogo iliyo ndani ya NAND yenyewe, inayoweza kukuonyesha ufunguo wa CPU. Chomeka waya wa umeme na wa TV, toa flashi zote, kisha washa mashine kwa kitufe cha kufungulia mlango wa disku badala ya kitufe cha kuwashia. XeLL nayo hukaa karibu na mwanzo wa NAND, kwa hiyo mara nyingi hunusurika ajali kama yako. RGH hujaribu tena na tena mpaka ishike, kwa hiyo ipe dakika mbili tatu usiikatize. Ikitokea skrini yenye mistari ya maandishi, tafuta mstari wa CPU key na uupige picha. Hakikisha herufi na tarakimu zote 32 zinasomeka, maana 8 na B huchanganywa sana kwenye picha hafifu. Ufunguo huo hautoki kwenye NAND. Umechomwa ndani ya CPU yenyewe, hivyo hakuna apdeti iliyoharibika inayoweza kuufuta.

XeLL ikigoma, fungua kasha uitazame chipu ya RGH. Chipu nyingi zina taa ndogo inayopepesa kila inapojaribu. Ikipepesa mara chache kisha ikatulia, huku TV bado ni giza, mashine imevuka mlango wa kwanza na kukwama mbele: data ya bloku za mbele zaidi ndiyo mbovu. Ikipepesa bila kukoma, programu za mwanzo za kuwashia zimeharibika, au waya wa RGH umelegea. Isipopepesa kabisa, angalia umeme wa chipu yenyewe kwanza. Na kama TV inaonyesha msimbo wa hitilafu E79, hiyo ni afadhali: programu za kuwashia zimepita, mafaili ya dashibodi ndiyo hayapakiki.

Hapo sasa inahitajika kusoma NAND kwa waya. Usipande basi kuja Kampala kwa ajili hiyo. Raspberry Pi Pico yenye programu ya PicoFlasher inatosha, na mtu anayejua kulehemu kwa mkono uliotulia. Kabla ya hapo soma lebo ya nyuma ya mashine, palipoandikwa ampea: 10.83A ni ubao wa Trinity, 9.6A ni Corona. Corona nyingine zina chipu ya GB 4 ambayo husomwa kwa njia tofauti kabisa, kama kadi ya SD, na Pico iliyofungwa kwa njia ya kawaida haitakusaidia. J-Runner ikiunganishwa itakuonyesha namba ya flash config, inayotambulisha aina ya NAND: Trinity hutoa 00023010, Corona ya MB 16 hutoa 00043000. Ukiona sufuri tupu, usiguse chochote kwenye programu, rudi kwenye waya. Mara nyingi ni graundi iliyolehemiwa vibaya au waya mrefu kupita kiasi.

Soma mara mbili, ulinganishe. Kila nakala ya NAND ya MB 16 iwe na baiti 17,301,504 kamili, na zote mbili zifanane baiti kwa baiti. Zikitofautiana, waya zako zinadanganya. Zikifanana lakini programu ikataja bloku mbovu moja au mbili, usishtuke na usikubali mtu akwambie ndiyo ushahidi wa chipu kufa. NAND huweza kutoka kiwandani zikiwa na bloku mbovu, na bloku 32 za mwisho zimetengwa kwa ajili ya kuzifidia. Nakala hiyo, hata kama ina uharibifu wa apdeti, iweke mahali pawili. Ndiyo KV yako.

Sehemu iliyobaki ni nyepesi. Weka nakala kwenye J-Runner (ya kijana ikipatikana, ni bora zaidi), ingiza ufunguo wa CPU, chagua 17559 na aina ya RGH iliyofungwa, tengeneza faili jipya. Programu ikikubali kuifungua KV kwa ufunguo wako, umepona. Kama XeLL inawaka, ita faili updflash.bin, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, na XeLL itaanza kuliandika yenyewe. Kama haiwaki, andika kwa Pico. Vyovyote vile, mashine na kompyuta ziwe kwenye UPS au inveta. Ya kuazima kwa jirani inatosha, kazi ni ya dakika chache. Na kama mashine imetoka Marekani, soma lebo ya adapta yake kwanza: nyingi ni za volti 100 hadi 127, na huku tunatumia 240.

Sevu na gemu za wateja wako ziko kwenye hadi disku, hazijaguswa. Ikishawaka, Kinect na avata zinaweza kugoma mpaka uweke pia apdeti ya kawaida ya toleo hilohilo la 17559. Kwenye Dashlaunch, programu ya mipangilio ya mashine za RGH, acha noupdater (kizuizi cha apdeti) ikiwa imewashwa, ili disku ya mteja isije ikaanzisha apdeti yake. Halafu futa updflash.bin kwenye flashi siku hiyohiyo, kwa sababu XeLL ikiliona tena italiandika tena bila kukuuliza.